Fulana 180 na mgonjwa mmoja: kwa mwandaaji wa matembezi ya saratani Mwanza

SWALI: "Shikamoo daktari. Mama yetu alifariki mwaka juzi kwa saratani ya shingo ya kizazi. Oktoba iliyopita mimi na wenzangu wa kikoba, pamoja na vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu hapa Mwanza, tuliandaa matembezi ya hisani kuchangia wagonjwa wa saratani hospitali ya Bugando. Walikuja watu 180, kila mmoja alilipa 25,000, jumla 4,500,000. Fulana zilikula 2,700,000, jukwaa na muziki 800,000, maji na matunda 350,000. Zikabaki 650,000. Niliona aibu kuzipeleka, bado ziko kwenye akaunti ya kikoba, na watu wameanza kunong'ona. Mwaka huu baadhi yetu wanataka tuchangishe tununue mashine. Wengine wanataka tulete wauguzi wapime akina mama matiti uwanjani. Kuna kampuni ya bia imejitolea kulipia fulana zote. Tufanye nini? Au tunajifurahisha tu? Mwenzetu mmoja ana uvimbe kwenye titi tangu Pasaka, hauumi, anasema atangoja matembezi apimwe siku hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nina miaka 38 na sijawahi kupima, naogopa."

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa kufiwa na mama.

Umeniuliza juu ya matembezi, lakini nitaanza na huyo mwenzenu. Asingoje. Kutouma kwa uvimbe kusimpe matumaini, kwa kuwa saratani nyingi za titi mwanzoni haziumi hata kidogo, ndiyo maana watu wanakaa nazo. Ni kweli pia kwamba uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ila hakuna muuguzi, hata mimi, atakayejua upi ni upi kwa kupapasa tu. Anahitaji ultrasaundi, na pengine kuchukuliwa kinyama kwa sindano kipelekwe maabara. Aende kituo cha afya wiki hii, aombe rufaa, na mmoja wenu amsindikize. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke aliyefika hospitali na dalili ya titi awe amepata jibu kamili ndani ya siku 60. Yeye tangu Pasaka hadi Oktoba atakuwa amekaa miezi sita kabla hata ya kuguswa na mtaalamu.

Atawaambia, na huenda ameshawaambia, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Naijua imani hiyo na najua ilikotoka. Watu wengi kwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali, wanachukuliwa kinyama, na baada ya miezi michache wanafariki. Jirani aliyekuja kuwaona anakumbuka sindano. Hakuona miaka miwili iliyotangulia, uvimbe ukikua chini ya kanga. Bila kile kinyama hatujui ni saratani ya aina gani wala dawa ipi itaiweza, kwa hiyo kukikataa ni sawa na kukataa matibabu.

Sasa tuje kwenye fedha, na hizo 650,000 unazozionea aibu.

Saratani ya shingo ya kizazi, kama aliyokuwa nayo mama, ikiwa imepita hatua ya upasuaji lakini haijasambaa mbali, hutibiwa kwa mionzi ya nje. Mara nyingi ni vipindi 25, kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Pamoja nayo mgonjwa hupata dripu ya dawa mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani inayowekwa karibu na uvimbe wenyewe. Kila kipindi cha mionzi ya nje ni dakika chache. Mgonjwa analala mezani, mashine inafanya kazi yake, hahisi maumivu, anashuka, anakwenda zake.

Anakwenda zake wapi? Hapo ndipo penye tatizo. Bugando inapokea watu wa Mwanza, Geita, Simiyu, Mara, Kagera, Shinyanga na hata Kigoma na Tabora. Aliyetoka Nansio, Ukerewe, hawezi kupanda meli kila asubuhi kuja kupata dakika zile na kurudi jioni. Hana sababu ya kulazwa, maana anatembea mwenyewe. Anahitaji mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumwangalizia watoto nyumbani kwa miezi miwili. Hata pale matibabu yenyewe yanapolipiwa na bima au msamaha, hivyo vingine ni vyake mwenyewe.

Kwa hiyo anafika kipindi cha 12 au cha 14, fedha zinakwisha, anarudi kijijini "kujipanga". Nimewaona wengi. Mmoja alirudi baada ya wiki sita akiwa amebeba kuku wa kunishukuru kwa kumpokea tena. Kuku nilimkubali, lakini kwa mgonjwa mwenyewe sikuwa tena na matibabu ya kuponya, ya kupunguza maumivu tu.

Mionzi haiui chembe zote za saratani kwa mara moja. Kila kipindi kinakata vinasaba vyake. Chembe nzima za mwili hujikarabati baada ya saa chache, zile za saratani hujikarabati vibaya, na ndiyo maana tunagawa dozi kidogo kidogo. Lakini baada ya wiki tatu au nne chembe za saratani zilizosalia huanza kuzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Aliyewahi kuvuka ziwa kwenye mtumbwi unaovuja atanielewa. Unakumba maji kwa kata, na alimradi mkono hausimami, mtumbwi unaelea. Ukipumzika ule dakika kumi, huanzi pale ulipoachia. Kwa saratani ya shingo ya kizazi tunataka matibabu yote yaishe ndani ya wiki nane. Tafiti zinaonyesha kwamba kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa nusu asilimia hadi asilimia 1. Mwezi mzima nyumbani, basi, ni hasara kubwa mno.

Sasa tupige hesabu pamoja. Tuseme chumba cha kuchangia na chakula cha kujipikia ni 10,000 kwa siku. Siku 56 ni 560,000. Zinabaki 90,000 za nauli ya kuja na kurudi, mgonjwa na msindikizaji wake. Umeona jumla? Zile 650,000 ni mgonjwa mmoja anayemaliza matibabu badala ya kuyaachia katikati. Umekaa na mtu mzima kwenye akaunti ya kikoba ukimwita aibu. Na zile 2,700,000 za fulana zilikuwa wengine wanne.

Kwa hiyo swali lako kwamba mnajifurahisha tu, mimi nasema hapana. Ila mlifanya sherehe iliyosaidia kidogo, na mwaka huu mnaweza kufanya msaada wenye sherehe kidogo.

Kuhusu mashine, naomba muachane nayo, na naomba mwenye wazo hilo asikasirike kwa sababu limetoka moyoni. Mashine ya mionzi ni mabilioni ya shilingi, na kuinunua ndiyo sehemu rahisi. Inataka chumba chenye kuta za zege nene kupita urefu wa mkono wako, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, umeme usioyumba, mtaalamu wa fizikia ya tiba, na mkataba wa matengenezo kila mwaka. Hiyo ni kazi ya serikali, hospitali na wafadhili wakubwa. Hata mashine ndogo iliyotolewa kwa nia njema bila fundi wala vipuri huishia kufunikwa shuka kwenye korido. Nyinyi mna kitu ambacho mfadhili wa mbali hana: mnajua basi la Sengerema linaondoka saa ngapi, na nani ana chumba cha kupangisha karibu na kilima cha Bugando.

Nendeni kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kabla ya kuchapa tangazo lolote. Wao ndio wanaowajua wagonjwa walioacha matibabu na sababu zao. Waulizeni kinachokwamisha wagonjwa wao hasa ni nini. Inawezekana malazi yapo na shida ni nauli, au shida ni gharama ya kusoma kinyama, au pedi na dawa za maumivu kwa walio nyumbani. Msiende na jibu mkononi. Ombeni pia barua inayowaruhusu kutumia jina la hospitali, na muandikiane namna fedha zitakavyopokelewa na kutolewa. Msimpe mgonjwa fedha taslimu wodini wenyewe, hata mkimwonea huruma. Mtachagua mwenye kulia sana, na aliyenyamaza kitanda cha pembeni ndiye atakayerudi nyumbani.

Na hizo 650,000 zipelekeni sasa, msingoje ziongezeke. Mpewe risiti, muipige picha, muiweke kwenye kundi la WhatsApp pamoja na mchanganuo wote, fulana zikiwemo. Mtasemwa siku mbili tatu. Lakini mtu aliyeonyeshwa hesabu mbaya ya kweli huchangia tena kwa urahisi kuliko aliyefichwa hesabu nzuri. Mwaka huu tumieni lipa namba moja, watia saini watatu, na mmoja wao asiwe mwanakikoba. Tangazeni mapema kwamba katika kila 25,000, angalau 20,000 itafika hospitali. Ahadi hiyo itawalazimisha kuachana na fulana. Watu waje na fulana zao nyeupe, akina mama waje na kanga, na kila mmoja afungiwe utepe mkononi. Jukwaa nalo mnalihitaji la nini? Spika mbili za kanisani au za msikitini zinatosha.

Nadhani hapo nimeshajibu pia kuhusu bia, ila niseme wazi, kwa sababu wapo watakaosema fedha ni fedha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka pombe kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika tangu 1988, na titi ni mojawapo ya viungo vinavyoathirika. Huwezi kumwambia mama apunguze pombe huku nembo ya bia iko kifuani pako. Waambieni asante. Tafuteni duka la dawa, kiwanda cha maji au wenye mabasi wawape nafasi za bure kwa wagonjwa. Kwangu mimi tiketi 20 za basi zina thamani kuliko fulana 200.

Kupima uwanjani ndiko kunakonipa mashaka zaidi. Niliwahi kushiriki siku moja ya namna hiyo nikiwa daktari kijana. Tulipima wanawake wengi chini ya hema, waliokuwa na uvimbe tukawaandika kwenye daftari, tukawaambia waende hospitali. Nani aliwafuatilia? Hakuna. Daftari lenyewe sijui lilikwenda na nani. Wapo waliorudi nyumbani na hofu mpya bila nauli, na hiyo ni mbaya kuliko kutowapima.

Mkitaka kupima, tofautisheni titi na shingo ya kizazi. Kwa titi tumezoea kuwafundisha wanawake kujipapasa kila mwezi kwa utaratibu maalumu. Utafiti mkubwa uliofanywa Shanghai kwa wanawake zaidi ya 266,000, matokeo yake yakatoka 2002, ulionyesha kwamba waliofundishwa hivyo hawakufa kidogo kuliko wenzao, ila walifanyiwa vipimo vingi vya uvimbe usio saratani. Kwa hiyo ujumbe wangu siku hizi ni mfupi. Lijue titi lako lilivyo kila siku, na ukiona limebadilika (uvimbe, ngozi kuvutika, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, tezi kwapani), nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Na tafadhali, mshereheshaji asije akarudia ile hadithi ya fedha na simu kwenye sidiria. Noti zinaweza kuwa chafu, lakini hazileti saratani, na mwanamke asiyeweka kitu kwenye sidiria atadhani amesalimika.

Shingo ya kizazi ni habari nyingine, na kwa nchi yetu ningeipa nafasi kubwa kuliko titi, hata kama Oktoba dunia nzima imevaa pinki. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kila mwaka, na karibu wote wangeweza kuzuiwa. Kirusi cha HPV huchukua kwa kawaida miaka 10 hadi 20 kubadili chembe za shingo ya kizazi ziwe saratani, kwa wanaoishi na VVU hupungua hata nusu ya hapo. Muda wote huo mabadiliko yanaweza kuonekana. Muuguzi hupaka siki ya kipimo maalumu, chembe zilizobadilika hugeuka nyeupe baada ya dakika moja, na kama zinafaa hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kipimo hiki kinaweza kufanyika siku ya tukio kwa masharti mawili: kuwe na chumba chenye faragha kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na kifaa cha kutibia kiwepo pale pale. Vikikosekana, gaweni kadi zenye tarehe ya kliniki na jina la muuguzi. Baadaye mhesabu ni kadi ngapi zilifika, maana hiyo ndiyo alama yenu ya ushindi, kuliko idadi ya waliotembea.

Kwa wazazi wenye mabinti, semeni habari ya chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Haileti ugumba. Atakayeuliza, na atakuwepo, ajibiwe kwa upole na muuguzi badala ya kuchekwa.

Hotuba ziwe fupi, na sehemu iwe kwa Kisukuma. Ukiniachia mimi ningechagua dalili tatu tu: damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, uvimbe wa titi, na damu kwenye mkojo. Hiyo ya tatu ni ya Kanda ya Ziwa hasa. Kichocho cha muda mrefu huharibu kibofu hadi kikaleta saratani, na wengi wameizoea damu hiyo tangu utotoni wakaiona ya kawaida. Wawepo pia watu wenye ualbino, kwa sababu saratani ya ngozi inawaua mapema bila sababu. Kofia pana na mafuta ya kuzuia jua ni mchango ambao hata mtoto wa shule anaweza kuuleta. Vijana wenu wa bodaboda wafundisheni dalili hizo kabla ya siku yenyewe. Wao ndio wanaombeba mama kwenda kwa mganga, wao ndio watakaomwambia, "Mama, nikupeleke kituo cha afya kwanza."

Kuna mchango mwingine ambao haupiti kwenye akaunti yoyote: damu. Wagonjwa wa shingo ya kizazi hutokwa damu nyingi, na mionzi hufanya kazi vizuri penye oksijeni ya kutosha. Uvimbe usiopata oksijeni huvumilia mionzi ambayo ingeuua. Mgonjwa mwenye damu pungufu, kwa hiyo, anapoteza sehemu ya faida ya kila kipindi, na mara nyingi tunamwahirishia, siku zile za thamani zikazidi kupotea. Watoto wenye saratani ya damu nao wanaihitaji mara kwa mara. Ongeeni na kituo cha Damu Salama cha kanda, kipo hapo hapo Mwanza. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ila msichangie damu mara tu baada ya kutembea kilomita kumi juani, mtaanguka kama maembe. Fanyeni Jumamosi moja kabla.

Mambo ya taratibu nayataja kwa haraka. Mkuu wa polisi wa wilaya apewe taarifa ya maandishi, sheria inasema angalau saa 48 kabla, lakini ninyi pelekeni wiki mbili kabla. Kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya ulizeni habari ya kibali cha kukusanya michango. Njia iishie mbali na wodi: mnaweza kuanzia viwanja vya Furahisha, ila kule kilimani Bugando wapande wajumbe wachache bila matarumbeta, kuna watu wamelala na maumivu. Wala msipige picha za wagonjwa ili kuvutia wachangiaji. Mtu aliye kitandani hawezi kukataa kwa uhuru ombi la anayemletea fedha, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wapo waliopona wanaotaka kusimulia wenyewe, wapeni kipaza sauti.

Nimebaki na wewe. Miaka 38 ni umri wa kupima. Kwa kawaida tunaanza miaka 30, na kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ni kama mara sita, tunaanza 25. Kufa kwa mama kwa ugonjwa huu hakumaanishi kwamba umeurithi, maana unatokana na kirusi, na hofu uliyonayo naona ni ya kumbukumbu zaidi. Kipimo chenyewe ni dakika chache, kinasumbua kidogo, hakiumizi. Nenda katikati ya hedhi mbili, siku usiyo na damu. Ukiwa tayari unatokwa damu isiyo ya hedhi, usingoje mpangilio wowote, nenda kesho.

Na kwa kuwa mnapaswa kumsindikiza yule mwenzenu kituo cha afya wiki hii, nendeni wote wawili siku moja. Yeye ataingia chumba kimoja, wewe kingine.